Sauti Moja kwa Wakati Mmoja: Kudhibiti Sauti Zinazogongana katika Masomo ya Afya ya Kidijitali

Utangulizi

Mafunzo ya afya kwa njia ya mtandao yamewafikia watumishi ambao zamani walilazimika kusafiri ili wahudhurie semina. Muuguzi katika zahanati ya pembezoni anaweza leo kufungua somo kwenye simu janja au kishikwambi, akatazama slaidi, akabofya vitufe na kumsikiliza mwalimu akieleza. Mgonjwa naye hupokea maelezo ya dawa au ya lishe kwa njia hiyo hiyo. Manufaa hayo ni makubwa. Hata hivyo, ipo kasoro moja inayojitokeza mara kwa mara, nayo huchukuliwa kuwa kero ndogo tu: sauti mbili kusikika kwa pamoja katika slaidi moja.

Kasoro hiyo hutokea hivi. Slaidi inafunguka na mwalimu anaanza kueleza. Kabla hajamaliza, msomaji anabofya picha au kitufe chenye maelezo ya ziada. Maelezo hayo nayo yana sauti yake, na sauti ya kwanza haijanyamaza. Msikilizaji anabaki na walimu wawili wanaosema kwa wakati mmoja, asimfaidi hata mmoja. Katika somo la historia, hasara ni kulirudia somo. Katika somo la afya, neno moja lililomezwa linaweza kubadili dozi. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili hutokea, madhara yake, na namna watengenezaji wa masomo, watumishi wa afya na wagonjwa wanavyoweza kulidhibiti.

Kwa nini sikio halimudu wasemaji wawili

Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, alichapisha majaribio yaliyokuja kuwa msingi wa elimu ya usikivu. Aliwasikilizisha watu ujumbe mmoja katika sikio la kulia na mwingine katika sikio la kushoto, akawataka waufuatilie mmoja kwa kuurudia kwa sauti. Waliweza. Lakini walipoulizwa kuhusu ujumbe wa sikio la pili, karibu hawakukumbuka chochote cha maana, na baadhi yao hawakutambua hata kwamba lugha yake ilikuwa imebadilishwa. Aidha, jumbe mbili zilizosemwa na mtu yule yule zilipochanganywa na kupelekwa masikioni kwa pamoja, kazi ya kuzitenganisha ilikuwa ngumu sana.

Matokeo hayo yanahusu masomo yetu moja kwa moja. Katika somo la kidijitali, sauti ya slaidi na sauti ya kitufe kwa kawaida hurekodiwa na mtu mmoja, kwa kipaza sauti kimoja, kisha hutoka katika spika moja ndogo ya simu. Vyote vinavyolisaidia sikio kutofautisha wasemaji, yaani tofauti ya sauti, ya mahali na ya umbali, vimeondolewa. Kwa hiyo mgongano wa sauti ndani ya somo ni mbaya kuliko kelele za wasemaji wawili sokoni, ambako angalau mmoja yuko kulia na mwingine kushoto.

Sababu ya pili imo katika kumbukumbu ya muda mfupi. Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza kwamba akili huyahifadhi maneno yaliyosikika katika nafasi finyu, kwa muda wa sekunde chache, huku ikiyarudiarudia kimyakimya ili yasipotee. Maneno mengine yakiingia katika muda huo, hata yale ambayo msikilizaji hayataki, huyasukuma ya kwanza nje. Ndiyo maana namba ya simu hutoweka kichwani mtu mwingine anaposema karibu nawe. Namba ya miligramu hutoweka vivyo hivyo.

Pengine msomaji atauliza: mbona Wagogo wa Dodoma huimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja, na uimbaji wao husifiwa duniani kote, hasa tangu marehemu Hukwe Zawose alipoupeleka nje ya nchi? Jibu ni kwamba katika uimbaji huo kila sauti imepangiwa mahali pake. Waimbaji hushirikiana mapigo, na sauti huachiana nafasi. Sauti za slaidi hazikupangwa kuachiana nafasi, na kila moja ina habari yake. Zinapokutana, ni ajali iliyotokea kwa sababu hakuna aliyezipangia zamu.

Hatari yake katika lugha ya Kiswahili

Kila lugha ina mahali pake dhaifu. Katika Kiswahili, mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali alama ya ukanushi hukaa mwanzoni mwa kitenzi, mara nyingi bila mkazo. Linganisha maneno haya mawili: «uchanganye» na «usichanganye». Tofauti yake ni silabi moja tu, «si», tena isiyotiliwa mkazo. Mlio wa kitufe au mwanzo wa sauti nyingine ukiangukia juu ya silabi hiyo, onyo la kutochanganya unga wa ORS na soda linasikika kama agizo la kuuchanganya na soda. Msikilizaji hatajua kwamba amekosa kitu, kwa kuwa sentensi aliyoisikia ni kamili na ina maana.

Mfano wa pili unahusu saa. Dawa mseto ya malaria, ALu, hutolewa kwa dozi 6 katika siku 3. Dozi ya pili humezwa baada ya saa 8 kupita tangu dozi ya kwanza. Dozi zilizobaki humezwa asubuhi na jioni katika siku ya pili na ya tatu. Sasa maneno «baada ya» yakimezwa na sauti nyingine, mgonjwa atasikia «meza dozi ya pili saa nane». Kwa Mswahili, saa nane ni wakati unaojulikana: mchana, jua likishapita utosini. Aliyemeza dozi ya kwanza saa tatu asubuhi alipaswa kumeza ya pili saa kumi na moja jioni. Yeye ataimeza saa tatu kabla ya muda wake. Aliyeanza saa moja jioni alipaswa kuamka saa tisa usiku. Yeye huenda akangoja hadi saa nane mchana wa kesho yake, yaani saa 11 baada ya wakati unaotakiwa.

Mitaani watu wengi husema «masaa manane» wanapotaja muda na «saa nane» wanapotaja wakati. Walimu wa sarufi hawaupendi wingi huo, na makala haya hayakusudii kuuidhinisha. Lakini unatufundisha kwamba wasemaji wenyewe wamehisi hatari iliyopo na kuitafutia kinga. Anayeandika maneno ya kurekodiwa anaweza kupata kinga hiyo bila kuvunja sarufi: «Hesabu muda wa saa nane tangu ulipomeza dozi ya kwanza. Ukianza saa tatu asubuhi, dozi ya pili ni saa kumi na moja jioni.» Hapa hata neno moja likipotea, yaliyobaki yanaulinda ukweli.

Wako wasikilizaji ambao mgongano wa sauti huwaumiza zaidi. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya usikivu ya mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani. Wazee, hata wale wanaosikia vizuri mahali palipotulia, mara nyingi hushindwa kufuata maneno palipo na sauti nyingine. Vilevile, mtu anayesikiliza lugha isiyo ya kwanza kwake huhitaji utulivu zaidi. Katika vijiji vya uwanda wa kati, wako wazee waliokulia katika Kigogo na kujifunza Kiswahili baadaye. Somo lenye sauti mbili huwaacha nje kabla ya wengine wote.

Mgongano hutokeaje?

Sababu ya kwanza ni muundo wa slaidi yenyewe. Programu nyingi za kutengenezea masomo, kwa mfano Articulate Storyline, huijenga slaidi kwa matabaka. Tabaka la chini lina maelezo makuu na sauti yake. Kila kitufe hufungua tabaka la juu lenye sauti nyingine. Kufunguka kwa tabaka la juu hakulisimamishi tabaka la chini, isipokuwa mtengenezaji awe amechagua mpangilio wa kuusimamisha mstari wake wa muda. Mpangilio huo upo. Mara nyingi haukuguswa tu.

Sababu ya pili ni mtandao wa polepole. Mtengenezaji hulijaribu somo ofisini, ambako faili la sauti hufika papo hapo. Mtumishi aliye mbali na mnara hubofya kitufe, akangoja, asisikie kitu, akabofya kingine. Faili la kwanza linafika likiwa limechelewa na kuanza kusema juu ya la pili. Kasoro hii haionekani kabisa kwenye kompyuta ya aliyelitengeneza somo. Humtokea yule mwenye mtandao dhaifu peke yake, ambaye ndiye mlengwa.

Sababu ya tatu ni kanuni za vivinjari. Tangu toleo la 66 la Chrome, lililotoka Aprili 2018, kivinjari hicho kwa kawaida huizuia sauti isianze yenyewe kabla mtumiaji hajagusa kitu katika ukurasa. Baadhi ya masomo huiweka sauti iliyozuiwa katika foleni na kuianzisha mara tu mtumiaji anapogusa kioo. Ikiwa mguso wake wa kwanza ni wa kitufe chenye sauti, sauti zote mbili huanza pamoja.

Sababu ya nne ni mazingira. Fikiria chumba kimoja cha zahanati katika kata kama Zuzu, ndani ya Jiji la Dodoma, kata ambayo wengi nchini wanaifahamu kwa kituo chake cha kupoza umeme. Wauguzi wawili wanasoma somo moja kwa simu mbili, televisheni ya sehemu ya kusubiria imewashwa, na mvua ya Januari inapiga bati. Hata somo lililotengenezwa vizuri litapata mgongano kutoka nje. Mtengenezaji hana uwezo wa kuizima mvua, lakini anaweza kuhakikisha kwamba somo lake haliongezi kelele juu ya kelele.

Njia tatu za kugawa zamu

Kanuni kuu ni nyepesi kuitamka: sauti moja kwa wakati mmoja. Ugumu uko katika kuamua ni ipi inyamaze. Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni kuikata sauti ya zamani pindi mpya inapoanza. Njia hii humheshimu msomaji, kwani kwa kubofya ameonyesha anachotaka kusikia sasa. Inafaa kwa maelezo ya kawaida. Udhaifu wake ni kwamba sehemu iliyokatwa huenda isisikike tena.

Ya pili ni kuisimamisha sauti ya zamani kwa muda, kisha kuiendeleza mpya inapokwisha. Inafaa kwa maelezo marefu, kwa sharti kwamba sauti irudi mwanzo wa sentensi iliyokatizwa. Sauti inayoendelea kutoka katikati ya sentensi humlazimisha msikilizaji kukumbuka nusu ya kwanza, ambayo imekwisha kusukumwa nje ya kumbukumbu yake.

Ya tatu ni kuvifunga vitufe mpaka sauti imalizike. Njia hii huzuia mgongano kabisa, lakini humchosha mtumishi mwenye foleni ya wagonjwa nje ya mlango, hasa akiwa analirudia somo alilokwisha kulisikia. Itumike pale tu penye onyo la usalama, na onyo hilo lisizidi sentensi moja au mbili.

Somo zuri hutumia njia zote tatu, kila moja mahali pake. Lililo muhimu ni kwamba uamuzi ufanywe kabla ya kurekodi, uandikwe, na ufuatwe katika slaidi zote, ili msomaji asikutane na tabia moja katika slaidi ya 3 na nyingine katika slaidi ya 9.

Mambo ya kuzingatia kwa watengenezaji

1. Rekodi vipande vifupi, kila kimoja kikiwa na wazo moja. Kipande cha sekunde 15 kikikatwa, hasara ni ndogo. Cha dakika 3 kikikatwa, somo limeharibika.

2. Katika programu yenye matabaka, chagua mstari wa muda wa tabaka la chini usimame tabaka la juu linapofunguka, na tabaka moja lifunge mengine.

3. Katika somo lililojengwa kama ukurasa wa wavuti, weka amri moja inayozisimamisha sauti zote nyingine kila mara sauti yoyote inapoanza. Amri moja ya jumla ni salama kuliko amri kumi zilizotawanywa kwenye vitufe kumi.

4. Slaidi ya kwanza iwe na kitufe cha «Anza» bila sauti nyingine yoyote. Mguso huo hukidhi kanuni ya kivinjari, na huondoa foleni ya sauti zilizozuiwa.

5. Msomaji anapoondoka kwenye slaidi, sauti zake zote zikatwe, pamoja na zile ambazo bado zinapakuliwa.

6. Ondoa muziki wa chinichini. Ukiwa wa lazima, fuata mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, ambao katika daraja lake la juu kabisa unataka sauti ya nyuma iwe chini ya sauti ya msemaji kwa desibeli 20 au zaidi. Mwongozo huo huo unataka sauti yoyote inayoanza yenyewe na kudumu zaidi ya sekunde 3 iwe na njia ya kuisimamisha au kuipunguza.

7. Kila namba, jina la dawa na onyo lionekane pia kwa maandishi kwenye slaidi. Sikio likikosa, jicho liokoe.

Sauti za mwili zinahitaji uangalifu wa pekee. Mlio wa moyo una mawimbi ya chini sana, ambayo spika ndogo ya simu huyatoa kwa shida; mwalimu akieleza juu ya mlio huo, mnong'ono wa valvu haubaki hata kidogo. Kwanza ueleze mlio, kisha unyamaze, kisha uuache usikike wenyewe, na umshauri mwanafunzi avae visikilizi vya masikioni. Vivyo hivyo kwa mapigo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua kwa mfuko na barakoa, ambayo ni takribani mara 40 kwa dakika. Mwanafunzi huyabeba mapigo hayo kwa sikio kama mpiga ngoma anavyobeba mwendo wake. Maelezo yakisemwa juu ya mapigo, huondoka na mwendo usio sahihi mkononi, na mwendo huo ndio atakaoutumia usiku wa dharura.

Kabla ya kulitoa somo, lifanyiwe jaribio la mtu mwenye haraka. Mpe simu ya bei nafuu, yenye mtandao dhaifu, mtu ambaye hakushiriki kulitengeneza. Mwombe abofye kila kitufe kabla sauti haijaisha, aende mbele, arudi nyuma, apigiwe simu katikati ya maelezo, kisha afungue tena. Popote sauti mbili zitakaposikika, andika namba ya slaidi na kitufe kilichobofywa. Jaribio hili halihitaji mtaalamu wala fedha nyingi.

Funzo kutoka enzi za redio

Tanzania ina historia inayotupa mwanga katika jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya «Mtu ni Afya» iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza kuhusu malaria, kuhara damu, kichocho na maradhi mengine yanayozuilika. Mpangilio wake ulikuwa na zamu zinazoeleweka. Kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kipindi kikaisha, ndipo kijitabu kikasomwa kwa sauti, na hatimaye mjadala ukafunguliwa na kiongozi wa kikundi. Redio, kijitabu na mazungumzo vilifundisha jambo lile lile, lakini havikusema kwa pamoja. Baada ya hapo watu walirudi nyumbani na kuchimba vyoo. Slaidi shirikishi ya leo imeviweka vyote vitatu ndani ya kioo kimoja, nasi tunapaswa kuurejesha ule utaratibu wa zamu ambao redio iliupata bila kuutafuta, kwa kuwa ilikuwa moja tu katikati ya duara.

Ushauri kwa watumishi wa afya na wagonjwa

Mtumishi anayesoma somo asibofye kitufe kingine hadi sauti inyamaze, au aisimamishe kwanza kwa kitufe cha kusimamisha. Akisikia sauti mbili, asiendelee kwa kudhani ameelewa. Arudi mwanzo wa slaidi. Dozi yoyote aliyoisikia katika somo ailinganishe na mwongozo wa taifa wa matibabu kabla ya kumpa mgonjwa. Wanaosoma chumba kimoja watumie simu moja kwa pamoja, au kila mmoja avae visikilizi. Kasoro iliyogunduliwa iripotiwe kwa waliolitoa somo, kwa kutaja slaidi na kitufe, kwa sababu wao katika mtandao wao wa kasi hawataiona kamwe.

Mgonjwa anayepewa maelezo kwa simu au video ana haki ya kuomba televisheni ipunguzwe na maelezo yarudiwe. Baada ya kusikiliza, amweleze mtumishi kwa maneno yake mwenyewe: dawa ipi, kiasi gani, saa ngapi, kwa siku ngapi. Naye mtumishi asiulize «umeelewa?», kwa kuwa jibu la swali hilo karibu siku zote ni «ndiyo». Aseme: «Nieleze utakavyoimeza dawa hii ukifika nyumbani.» Mgonjwa akitaja saa nane badala ya baada ya saa nane, kosa litajulikana pale pale dirishani, kabla kidonge hakijatoka kwenye pakiti.

Hitimisho

Kuzuia sauti zisigongane ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, kama ilivyo kuandika jina la dawa kwa hati inayosomeka. Kazi yenyewe ni ya kawaida: kugawa zamu, kufupisha vipande, kuandika namba palipo na sauti, na kulijaribu somo katika mazingira ya yule atakayelitumia. Taasisi zinazoandaa mafunzo ziliweke jaribio la mgongano wa sauti miongoni mwa masharti ya kulipitisha somo, na watumishi walioko vituoni waalikwe kushiriki jaribio hilo. Wao ndio wanaojua mvua inavyopiga bati, na ni neno gani la mwalimu ambalo halikufika.